Maji ya Kifuani

Saa tatu na dakika ishirini na tano asubuhi ya Jumamosi, mpishi wa hoteli moja ya mapumziko huko Ndabibi alisikia mwanamume akipiga kelele mlangoni mwa jikoni. Alitoka mbio, mwiko bado mkononi. Kando ya bwawa alimkuta Jerop, mwongozaji wa waogeleaji, amepiga magoti akimkandamiza kifua mwanamke aliyelala chali. Kuanzia kiunoni kwenda juu mwanamke huyo alikuwa mtu kama mimi na wewe. Kwenda chini alikuwa samaki wa buluu, mwenye magamba yanayong'aa na pezi pana kama ungo.

Jina lake lilikuwa Akeyo, mwalimu wa chekechea kutoka Molo, umri miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amekuja na mumewe, Makhanu, msafirishaji wa viazi, wapumzike siku mbili. Hoteli hiyo ilijulikana kwa kitu kimoja tu. Mgeni alivishwa mkia wa nguva, akapewa miwani ya majini na bomba la kupumulia, kisha akaongozwa polepole kwenye bwawa la maji ya chemchemi kutazama samaki walioko chini. Watu walitoka mbali kuja kupigwa picha wakiwa nguva. Mtu akichoka na vumbi la bara, hata mkia atavaa.

Inspekta Sundus Yaseen alifika saa nne na dakika kumi. Upepo wa ziwani ulikuwa baridi siku hiyo. Alipita kando ya pikapu ya Makhanu, iliyobeba magunia ya viazi chini ya turubai lililokazwa kwa kamba, akateremka hadi bwawani. Huko hukumu ilikuwa imeshatolewa bila yeye. Jerop alikuwa ameketi kwenye nyasi, amelowa, pingu mikononi, na Konstebo Maxwel amesimama nyuma yake.

"Madam, hii iko wazi," alisema Quincy, mwenye hoteli, kabla hata ya salamu. "Huyu msichana hakumfunga mgeni mkanda wa kuelea. Nimeona mkanda umening'inia stoo na macho yangu. Yeye ndiye ameua mtu, si hoteli."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Naivasha. Nimeingia saa nne kasorobo, uliza getini."

Sundus aliuliza getini, na kitabu cha mlinzi kilikubali. Alirudi akachuchumaa kando ya maiti. Hakukuwa na jeraha, isipokuwa kucha tatu za mkono wa kulia zilizovunjika, na chini ya kucha hizo ukoga wa kijani uliofanana na ule wa ukingo wa mawe. Akeyo alikuwa ameufikia ukingo, akaushika, halafu akauachia. Sundus alihisi hasira, akaiweka kando. Angeihitaji baadaye.

Alimsogelea Jerop. "Ulimfunga mkanda?"

"Nilimfunga, madam, mimi mwenyewe. Kifungo tunakiweka nyuma, kwa mgongo, ndiyo mgeni asikifungue kwa bahati mbaya."

"Hawezi kukifikia?"

"Hawezi. Ni mpaka mtu mwingine."

"Na mbona ulimtoa majini bila mkanda?"

"Sijui. Haki ya Mungu sijui."

"Uliondoka majini?"

Jerop alitazama pingu zake kidogo. "Sikuondoka."

Sundus alitoa miwani ya majini mfukoni. "Akeyo alikuwa na miwani usoni. Hii ya pili nimeiokota njiani, hatua sita kutoka stoo yenu. Ilijipeleka?"

Msichana akaanza kulia, kilio cha mtu aliyejizuia tangu asubuhi. "Bwana yake alisema miwani inaingiza maji, niende nimletee ingine. Nikakaa kama dakika tano, zile zimechanganyika na za watoto. Kurudi, mama yuko chini. Nikaitupa nikaruka. Madam, sheria ya kwanza ni mwongozaji haachi mgeni majini. Nikisema niliondoka nimeisha."

"Na ukisema hukuondoka umeisha zaidi," alisema Sundus. "Kama mlikuwa wawili tu hapo, basi muuaji ni wewe. Utafikishwa mahakamani Jumatatu, na mimi ndiye nitakayekupeleka. Sasa nieleze yote."

Jerop akaeleza. Saa tatu kamili alimvisha Akeyo mkia na mkanda. Saa tatu na dakika kumi na mbili alikwenda stoo. Alipomtoa mgeni majini na kuanza kumkandamiza kifua, Makhanu alisema anakimbilia msaada, akapotelea upande wa jikoni. Njia ya jikoni ilipita mbele ya stoo.

"Na Quincy? Anasema nini kuhusu mikanda?"

"Anasema zinaharibu picha. Ati nguva gani anavaa laifujaketi. Lakini mimi huwa nafunga tu. Ananigombeza, nafunga."

Maxwel aliguna. Machoni mwake ilionekana wazi kwamba kesi imekwisha: tajiri kachukia mikanda, mfanyakazi kamtii, mgeni kafa. Sundus naye aliipima hadithi hiyo, maana ilikuwa nyepesi kubeba. Kisha akaenda stoo ili aone kama mkanda wenyewe utaikubali.

Mikanda ilikuwa mitano, kila mmoja kwenye msumari wake. Minne ilitundikwa kwa kitanzi chake kidogo, kifungo kikitazama chini. Wa tano, wa mwisho karibu na mlango, haukutundikwa kwa kitanzi. Utepe wake ulikuwa umefungwa kwenye msumari: umesokotwa mara mbili juu, ukapitishwa chini, ukarudishwa na kuvutwa mpaka ukakaza. Kwa nje ulikuwa karibu kukauka kwa sababu jua liliingia mlangoni. Sundus akaukamua kwa mikono miwili. Maji yalimchuruzikia hadi kwenye viatu.

"Jana mlikuwa na wageni wa nguva?" alimwuliza Quincy.

"Jana hapana. Tulikuwa tunasafisha bwawa. Leo Akeyo ndiye wa kwanza."

"Basi mkanda huu umeingia majini leo. Jerop hakusahau kumfunga mtu. Mtu alifunguliwa."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, Quincy alionekana kama binadamu.

Makhanu alikuwa ameketi kwenye benchi la upande wa pili wa bwawa, hatua thelathini kutoka majini. Alikuwa mtu mkubwa, mikono imekomaa kwa kazi, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Upepo ulikuwa ukimtetemesha ndani ya shati jepesi, huku koti zito limekunjwa mapajani mwake.

"Pole sana, baba," alisema Sundus. "Ulikuwa wapi mambo yalipotokea?"

"Hapa hapa. Nilikuwa kwa simu na dereva wangu. Mimi na maji hatupatani, madam, hata ukingoni sikaribiagi."

"Ulimtuma Jerop miwani?"

"Nilipaza sauti kutoka hapa. Mke wangu alilalamika."

"Stoo uliingia?"

"Sijui hata iko wapi. Nilikimbilia tu kelele ya sufuria." Akajifuta uso. "Kitu inanishinda ni moja. Hiyo maji ni ya kifuani. Akeyo ni mrefu kuliko mimi. Mtu mzima anakufaje mahali angesimama tu?"

Hilo swali Sundus alikuwa amelisikia kwa mpishi, kwa Maxwel na kwa Quincy. Liliwafanya wote waseme ni ajali, au presha, au mambo ya Mungu. Yeye aliamua kulijibu kwa njia pekee aliyoijua. Alimwamuru Maxwel amfungue Jerop pingu.

"Madam?"

"Mfungue. Nataka aniongoze."

Akiwa na suruali yake ndefu na kitambaa cha kichwani, aliketi ukingoni, miguu majini. Jerop alimvisha mkia wa kijani, akaisukuma miguu yake miwili ndani ya pezi moja, akaikaza. Akamfunga mkanda, akampa miwani na bomba. "Lala tu, madam. Pumua polepole. Usipige miguu, piga kiuno." Sundus akalala juu ya maji, na kwa kitambo kidogo akasahau kilichomleta. Chini yake perege walipita juu ya mawe meupe, na mwanga ukacheza mgongoni mwao. Alielewa kwa nini mwanamke aliyeshinda na watoto arobaini darasani angetaka kitu hiki. Ikamuuma sana kuelewa.

"Sasa toa mkanda," alisema. "Halafu ukae mbali."

Jerop alisita, akafungua, akasogea. Sundus akajaribu kusimama.

Miguu yake haikuwa miguu tena. Alipoishusha, lile pezi lilikamata maji na kumrusha mbele kifudifudi. Alijaribu tena, akaanguka kinyumenyume, bomba likazama, maji yakamjaa mdomoni. Kina kilikuwa cha kifuani na hakikumsaidia chochote. Alitapatapa, akaufikia ukingo, vidole vikateleza kwenye ukoga, akaushika tena. Alihitaji mkono wa mtu. Kwa muda mfupi, aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa katika miaka kumi na minne ya kazi. Jerop alikuwa ameshamshika kwapani.

"Nimekushika, madam. Nimekushika."

Sundus alikohoa mpaka akapata sauti. "Ukingo mzima una ukoga?"

"Tumesafisha jana. Umebaki hapa peke yake."

Ukoga chini ya kucha za Akeyo ulikuwa wa hapo basi, mahali ambapo mtu angeweza kuchuchumaa na kumpa mkono bila kulowa zaidi ya kiwiko.

Saa sita kasoro dakika kumi, akiwa na nguo kavu za kuazima, Sundus alipekua mkoba wa Akeyo chumbani. Ndani ya daftari la maandalizi ya masomo alikuta mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: *Jumatatu saa nne, Sajini Shukri, Molo*, na namba ya simu. Akapiga.

"Huyo mwalimu?" alisema Sajini Shukri. "Alinipigia juzi. Ile lori iliua Chepkosgei, mama wa maziwa, mwezi wa sita kwa ukungu, ikatoroka. Mwalimu alisema anajua lori ni ya nani. Kumbe alitoa kipande cha shuka ya yule mama kwa bampa na mikono yake. Alisema hawezi kulala. Yuko sawa?"

"Hapana," alisema Sundus. "Hayuko sawa."

Alisimama uani kidogo, kisha akaenda kwenye ile pikapu ya Makhanu. Aliikagua kamba ya turubai taratibu, fundo baada ya fundo. Yalikuwa kumi na mawili, yote yamesokotwa mara mbili juu, yakapitishwa chini, yakarudishwa na kuvutwa.

Aliwakusanya kwenye ukumbi wa chakula. Jerop alibaki mlangoni na Maxwel, bado bila pingu, bado mshukiwa.

"Bwana Makhanu," alisema Sundus, "kuna baridi. Vaa koti lako."

"Niko sawa."

"Unatetemeka tangu saa nne. Livae."

Hakusogea. Sundus akalichukua mapajani mwake na kulikunjua. Kwa nje lilikuwa kavu. Bitana ya upande wa kushoto ilikuwa imelowa, na alama ya maji ilikuwa na upana wa mkanda wa kuelea.

"Hiyo ni... nilimshika mke wangu, akanilowesha."

"Koti likiwa kavu nje? Wewe ulificha kitu ndani yake. Jerop alipokuwa anampulizia mkeo pumzi, ulipitia stoo usiyoijua na kuurudisha mkanda, ili ionekane hakufungwa kabisa. Ulikuwa na haraka na mikono ikafanya inachofanya kila siku. Wengine hapa hutundika kwa kitanzi. Wewe uliufunga kama unavyofunga viazi."

"Hiyo fundo kila mtu wa lori anaijua."

"Kweli. Hapa mwenye lori ni nani mwingine?"

Quincy alitazama pembeni.

"Nimeongea na Sajini Shukri," Sundus aliongeza kwa sauti ya chini.

Hapo yule mtu mkubwa akapungua. Alitazama mikono yake kama ameiazima kwa mtu mwingine.

"Sikumwona yule mama," alisema. "Kulikuwa na ukungu. Niliskia tu kishindo na mikebe. Ningesimama, watu wangenichoma pamoja na lori. Nilimwambia Akeyo, mama watoto, hii kitu imepita, nyamaza. Miezi miwili nimemwambia. Akasema Jumatatu anaenda, twende pamoja ama aende peke yake."

"Ukamleta hapa."

"Alikuwa anapenda kuangalia video za hizo mikia. Alifurahi sana. Lakini hajui kuogelea, akaogopa. Nikamwambia maji ni ya kifuani, ukichoka unasimama." Sauti ikamkatika. "Akaniamini. Alikuja ukingoni akacheka, nikamwambia geuka nikukaze mkanda."

Mpishi alitoka nje. Hakuna aliyemzuia.

"Alishika ukingo," alisema Sundus. "Ulikuwa unaweza kumpa mkono mpaka dakika ya mwisho."

"Najua."

"Alikwambia nini?"

"Mimi hakuniita." Makhanu sasa alilia waziwazi, na Sundus hakumhurumia hata kidogo. "Aliita huyo msichana. Aliita Jerop. Mara mbili."

Maxwel alitoa pingu akamfunga, akamsomea haki zake. Sundus aligeuka kumwambia Jerop kwamba yuko huru, kwamba ataandika taarifa upya, na kwamba zile dakika tano hazitamfunga mtu.

Jerop hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ameteleza ukutani mpaka sakafuni, mikono imefunika masikio.

"Ile mara ya kwanza niliskia," alisema. "Niko stoo, niliskia. Wageni huniita hivyo kila siku wakiwa majini. Nilidhani anacheka."