Betri za Mashine ya Baba

Baada ya shule Lois hakuwa akienda nyumbani moja kwa moja. Alivuka reli ya zamani, akaingia karakana ya Mzee Mulinge na kuketi juu ya kreti la soda. Hapo alifanya hesabu zake huku baba yake, Crispus, akichonga vyuma. Vumbi jekundu la Voi liliingia kila mahali isipokuwa kwenye mashine ya baba. Aliifuta asubuhi na jioni kama mtu anayemwogesha mtoto.

Ilikuwa mashine inayoongozwa na kompyuta, na umri wake ulimzidi Lois mara mbili. Ndiyo iliyochonga vipuri vya mitambo ya kukamua mkonge, na ndiyo iliyomlipia Lois karo.

Jumatatu moja haikunguruma. Kioo chake kidogo kilijaa maandishi ya onyo, na fundi Everlyne, aliyeitwa asubuhi hiyo kutoka Mombasa, alikuwa amepiga magoti mbele yake.

Lois aliketi juu ya kreti lake, daftari mkononi, macho yakiwa kwenye kisanduku cha betri. Ijumaa alikuwa amekumbuka kwamba redio ya nyanya yake kule kijijini Werugha imenyamaza. Kwenye kisanduku ubavuni mwa mashine kulikuwa na betri tatu kubwa, za aina ileile ya redio. Kazi ilikuwa imeisha na mashine imezimwa. Mashine iliyozimwa ina haja gani na betri? Alizitoa, na baadaye akarudi na betri zilizochoka za tochi ya nyumbani, akaziweka mahali pake. Jumamosi alipozipeleka Werugha, redio ya nyanya iliimba, na nyanya akambariki mara tatu.

"Hizi zimekufa," Everlyne alisema, akiondoa kipimo chake. "Ulizibadilisha lini, Crispus?"

"Januari, mashine ikiwa imewashwa, kama ulivyonifundisha. Tarehe nimeiandika hapa."

"Miezi mitatu tu? Hukaa mwaka mzima." Everlyne alitikisa kichwa. "Basi kadi ya kompyuta iliyo ndani inazinyonya. Kumbukumbu yote imefutika, na nikiijaza leo itafutika tena. Dawa ni kung'oa kompyuta nzima na kuweka mpya."

"Bei yake?" Mzee Mulinge aliuliza.

"Inapita ile uliyonunulia mashine."

Mzee Mulinge alijikuna kidevu. "Basi Jumatano nitaita watu wa vyuma vikuukuu. Crispus, ndugu yangu, nisamehe. Sina kazi nyingine ya kukupa."

Baba alichukua kitambaa chake, akaanza kuifuta mashine ambayo tayari ilikuwa safi.

Lois alitamani angekuwa hajamwona akifanya hivyo. Aliinuka, na daftari likamponyoka.

"Kadi hainyonyi betri," alisema.

"Ala, tumepata fundi wa pili," Mzee Mulinge alisema. "Umehitimu lini, mama?"

"Betri za Januari ziko Werugha. Nilizitoa mimi Ijumaa. Hizi ni za tochi yetu."

Alieleza yote, macho yake yakiwa sakafuni. Kitambaa cha baba kilisimama.

"Yaani mashine yangu imelala njaa ili nyanya asikilize taarifa ya habari," Mzee Mulinge alisema.

Everlyne ndiye pekee aliyeonekana kuchangamka. "Ulizitoa mashine ikiwa imezimwa?"

"Ndiyo."

"Ikakaa bila betri muda gani?"

"Nilienda nyumbani kuleta hizi. Labda saa nzima."

"Vizuri."

"Vizuri nini?" baba aliuliza.

"Kadi ni nzima, Crispus. Lois, betri hizi hufanya kazi hasa mashine ikiwa imezimwa. Ndizo zinazoishikia kumbukumbu. Ulipozitoa, ikasahau kila kitu, lakini haikuharibika. Ile karatasi ya namba za kuijazia kumbukumbu bado ipo?"

Ilikuwepo, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la umeme: safu kwa safu za namba, zaidi ya mia nne. Mzee Mulinge alikwenda mwenyewe dukani kuleta betri mpya. Kisha Lois akasoma, baba akabonyeza, Everlyne akahakikisha. Kwenye safu ya sita Lois alirudisha kidole juu ya karatasi.

"Nimeruka mstari," alisema. "Samahani, turudi nyuma."

Baba alimtazama, akafuta namba nne, wakarudi nyuma.

Jua lilipokuwa likishuka, Everlyne aliwasha mashine. Maandishi ya onyo yalitoweka. Chuma kilianza kuzunguka, polepole kwanza, kisha kwa ule mngurumo ambao Lois aliuzoea. Mzee Mulinge alitoka nje, akajifanya anapiga simu.

"Mimi ndiye niliyeifanya inyamaze," Lois alimwambia Everlyne, aliyekuwa akipanga vifaa vyake.

"Ndiyo, na hilo utalizungumza na baba yako nyumbani. Lakini sikiliza. Mimi hutengeneza kwa habari ninazopewa. Nikifichwa jambo, nang'oa kitu kizima na kuacha kibovu." Alifunga mkoba. "Ijumaa kosa lako lilikuwa betri tatu tu. Kila saa uliyonyamaza, lilikua. Leo jioni lilikuwa limefika ukubwa wa kazi ya baba yako. Uliposema, likarudi kuwa betri tatu."

Baba aliweka mkono begani mwa Lois, mkono mzito wenye mafuta, akauacha hapo.