Aliyeliona Kwanza

Mama mdogo wa mtoto mmoja ndiye aliyeisimulia habari hii, na wanaomjua wanasema si mtu wa kutia chumvi.

Ilianza Alhamisi moja ya kawaida kabisa. Jua limeiva, lami inameta kama iliyopakwa mafuta, na mafundi wawili wameketi nje ya karakana baada ya chakula, matumbo yamejaa, midomo haina kazi. Mmoja alikuwa fundi viti, mshonaji wa viti vya magari, aliyeitwa Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake pia. Mwenzake alikuwa fundi rangi, mnene wa kucheka, ambaye kucha zake hazijaonyesha rangi yake ya kuzaliwa kwa miaka mingi. Walikalia kiti cha nyuma cha gari lililokwisha kufa zamani, kimeegemezwa ukutani, kinatazama barabara. Hapo ndipo walipochezea mchezo wao.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Likipita gari la zamani, wa kwanza kuliona hulitaja kwa sauti: aina yake, umri wake, kipi chake na kipi cha kuazima. Akishalitaja, ni haki yake kuligawa. Zuri humpa ampendaye au hujipa mwenyewe. Mkweche humpa adui. Sheria zilikuwa mbili, walizitunga wenyewe wakicheka. Lililogawiwa halirudi. Lisilogawiwa ni la aliyeliona kwanza.

"Pijo mia nne na nne!" Sindano aliruka. "Tazama mkia huo, mapezi kama ya samaki! La kwangu!"

"La kwako na mlango wa kushoto si wake? Mlango huo umetoka gari jingine, na aliyeupaka rangi alikuwa amefumba macho."

"Basi ulikuwa wewe."

Fundi rangi alicheka mpaka kiti kikalia. Kisha akanyoosha kidole. "Kobe! Folksvageni ya kwanza kwanza, kioo cha nyuma kidogo kama yai. Hizo hazipatikani tena, ndugu yangu. Nampa mke wangu, anisamehe ya jana."

"Ya jana yanataka lori."

Halafu likaja lile.

Sindano aliliona kwanza, lakini ulimi ulichelewa. Lilikuwa gari dogo la chini, rangi ya ini. Injini haikusikika. Kilichosikika ni matairi tu, kama mtu anayeburuta mkeka. Na katika jua lile la kuchoma, vioo vyake vyote vilikuwa na ukungu kwa ndani.

"Gari gani hilo?" aliuliza Sindano.

"Uso wa Mercedes ya zamani."

"Hapana. Angalia mabega. Volvo."

"Nembo iko wapi? Namba je?" Fundi rangi aliinuka nusu. Nembo haikuwapo, na wala haikung'olewa, kwa maana hapakuwa na hata tundu la skrubu. Akalitazama likikaribia, na kicheko kikamfutika usoni. "Sindano, mimi najua rangi. Ile haikupakwa. Ile imeota, kama ngozi."

"Acha maneno. Nimeliona mimi."

"Basi ligawe, lipite."

Sindano alimkumbuka mama mkwe wake, aliyetangaza siku ya harusi, mbele za watu, kwamba binti yake anaolewa na mtu wa kushonea makalio ya wenzake mito. Akaweka mikono mdomoni kama tarumbeta.

"La mama mkwe!"

Wakacheka wakapigana mabega. Gari lilipunguza mwendo mbele yao. Indiketa ikawaka mara moja, ikazimika. Kama jicho lililokonyeza.

Jioni Sindano alimkuta mkewe sakafuni analia. Mama yake amekufa saa nane mchana, jikoni kwake, akimenya viazi. Walimkuta ameketi wima juu ya kigoda, mikono ameinyoosha mbele, vidole vimekunjwa kama vilivyoshika usukani. Mguu wa kulia ulikuwa umekazwa sakafuni. Mama yule hakuwahi kuendesha hata baiskeli.

Wanaume wanne walijaribu kuishusha mikono ile ili aingie kwenye jeneza. Haikushuka. Ikabidi waivunje. Mke wa Sindano alikuwa chumba cha pili, na ukuta ulikuwa wa mbao. Alisikia mfupa mmoja mmoja.

Sindano alimficha habari ya lile gari.

Alhamisi iliyofuata alirudi kazini. Saa nane ilipogonga alikuwa kwenye kile kiti chao, na fundi rangi kando yake, hawataniani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi viti mwingine, kijana mstaarabu aliyefungua karakana mwaka uliopita. Wateja wa Sindano walikuwa wamehamia huko mmoja mmoja. Asubuhi ile kijana alivuka kumpa pole ya msiba. Alimshika mkono kwa mikono miwili, akamwita kaka.

Lile gari likaja. Likasimama mbele yao, katikati ya barabara, na magari mengine yakalipita bila kupiga honi, kama maji yapitavyo jiwe. Kioo cha dereva kilikuwa kimefutwa kwa ndani, duara dogo, kwa kiganja. Ndani ya duara alionekana mama mkwe. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, imepinda pale ilipovunjwa.

Indiketa ikaanza kupiga. Tik. Tik. Tik.

"Linangoja," fundi rangi alinong'ona. "Nani ameliona kwanza?"

"Mimi."

"Usipoligawa ni lako. Sheria yetu."

"Mchezo tu ule, bwana!"

"Liambie hilo, usiniambie mimi."

Tik. Tik. Sindano alitazama ng'ambo. Kijana alikuwa amekaa juu ya kiti alichokuwa akikishona, ana uzi mdomoni, akainua mkono kumpungia. Sindano naye akampungia. Huku mkono ukiwa bado hewani, akasema polepole, "La jirani."

Mikono ya kijana ilinyooka mbele, mbele ya wateja wake watatu. Uzi ulikuwa bado mdomoni.

Fundi rangi alikusanya bomba lake la rangi na makopo yake siku ileile. Sindano alimfuata hadi mlangoni, anamshika shati.

"Ningefanya nini? Wewe ungefanya nini?"

"Wa kwanza ulitania," fundi rangi alisema, hamtazami. "Wa pili ulichagua."

"Chunga mdomo wako. Na jina lako nalijua."

Fundi rangi alihama mji bila kuaga.

Ukweli lazima usemwe: Sindano aliogopa, lakini hofu ilikaa kiti cha nyuma. Mbele ilikaa furaha. Wateja walirudi. Alipokuwa akipiga cherehani alijikuta anawafikiria watu, mmoja mmoja, aliowahi kukosana nao. Akajicheka. Lakini usiku wa Jumatano akafikiri jambo jingine. Vipi siku moja ulimi ukikwama? Basi dawa ni moja. Asiyeliona hana la kugawa.

Alhamisi ya tatu hakwenda kazini. Alibaki nyumbani, ghorofa ya pili, akaketi amegeuzia dirisha mgongo na kufumba macho. Mkewe alikuwa jikoni anaosha vyombo, anaimba kidogo kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Sindano alisikiliza saa ya ukutani. Alikuwa amesahau kitu kimoja tu. Kila asubuhi, njiani kwenda shule, alikuwa akimfundisha binti yake wa miaka sita ule mchezo. Na wiki ile shule zilikuwa zimefungwa.

"Baba! Gari la zamani! Nimeliona mimi kwanza!"

Alifumbua macho. Mtoto alikuwa amesimama dirishani, pua imegandamana na kioo.

"Toka hapo!"

"Zuri, baba! Linang'aa! Limesimama mlangoni kwetu. Nampa..." Akageuka, uso umejaa tabasamu. "La ba..."

Alimziba mdomo. Alimziba kwa nguvu, mpaka kichwa kidogo kikagonga fremu ya dirisha. Chini barabarani indiketa ilikuwa inapiga, na ghorofani ikasikika kama imo chumbani.

"Si mimi," alimnong'oneza sikioni. "Mtaje mwingine. Usipomtaja litakuwa lako. Haraka!"

"Nani?" Mtoto alianza kulia. "Nimpe nani?"

Tik. Tik. Tik. Alikuwa na dunia nzima ya majina. Maadui, wateja, wapita njia. Jikoni wimbo ulikuwa umefika kibwagizo. Sindano akachukua jina lililokuwa karibu.

"Mama. Sema, la mama."

Mtoto alitulia. Hilo aliliona jema. Mama anapenda vitu vizuri.

"La mama!" alisema.

Wimbo ukakatika. Maji ya bomba yaliendelea kutiririka.

Baada ya mazishi alikuja mama mdogo, mdogo wake marehemu, kumlea mtoto. Aliikuta nyumba gizani mchana. Sindano alikuwa ameleta ngozi nyeusi ya viti kutoka karakana, akaipigilia misumari kwenye kila dirisha, akaishona pembeni mishono miwili miwili. Hali, haogi. Mtoto ndiye aliyemweleza mama mdogo yote, kwa sauti ya kawaida, huku akichora magari.

"Na baba alisema nimpe mama. Mimi nilitaka kumpa yeye."

Mama mdogo alimtazama shemeji yake. Sindano alisema tu, "Watoto hubuni mambo."

Alhamisi ya nne, saa nane, walikuwa wote watatu sebuleni. Nje kimya. Kisha ule mburuto, kama wa mkeka. Sindano alimkumbatia binti yake, akamfunika macho kwa viganja. Mtoto akajipenyeza chini ya mkono wake kama paka, akakimbilia dirishani. Kwenye ngozi ile nyeusi, pale mshono ulipopita, palikuwa na tundu la sindano, dogo kuliko chembe ya mchele. Mtoto akaweka jicho.

"Limekuja," alisema. "Nimeliona mimi kwanza."

Akaligandamiza jicho zaidi.

"Mama ndiye anaendesha. Bibi yuko nyuma. Na yule kaka wa ng'ambo, ana uzi."

Sindano alipiga magoti. Alitambaa mpaka kwenye miguu ya mtoto, akaishika. Sauti yake ilikuwa pumzi tupu.

"Mwanangu. Mtaje mtu. Mtu yeyote. Huyu hapa, mtaje mama mdogo."

Mama mdogo alisikia. Alikuwa hatua tatu kutoka Sindano alipopiga magoti.

Tik. Tik. Tik.

Mtoto alimtazama mama mdogo kwa muda mrefu. Akatikisa kichwa.

"Mama anatazama juu," alisema. "Kando yake mbele pana nafasi moja."

"Usiseme. Nakuomba. Nitakununulia..."

"Mama yuko mpweke, baba." Aligeuka kutoka dirishani, akamshika baba yake mashavu kwa mikono yote miwili, kwa upendo mtupu. "La baba."

"Hapana! Lirudishe! Sema umekosea!"

"Lililogawiwa halirudi. Ulinifundisha mwenyewe."

Mikono ilimnyooka. Ilianza vidole, vikajikunja. Mwili ukaketi wima pale sakafuni, ukigeukia dirisha. Mdomo ulikuwa bado unasema hapana, ila sauti haikutoka. Mguu wa kulia ukakanyaga. Ukakanyaga tena. Ukakanyaga mpaka kisigino kikapasuka kwenye saruji. Hapakuwa na breki.

Mtoto alirudi kwenye tundu, akapunga mkono. "Kwaherini!"

Mama mdogo alimchukua mtoto siku ileile, wakaenda kuishi kwake, mji mwingine. Chumba alichompa kiko ghorofa ya nne. Dirisha lake linatazama ukuta. Barabara haionekani kabisa.

Alhamisi ya kwanza aliporudi kutoka sokoni alikuta tone la oili ya injini sakafuni, karibu na mlango wa chumba. Jeusi, la mviringo, ukubwa wa kitufe. Akalifuta. Ya pili likawa katikati ya chumba. Akalifuta kwa mafuta ya taa. Ya tatu likawa chini ya kitanda, na hapo akaanza kumlaza mtoto katika chumba chake mwenyewe, ubavuni mwake.

Jana ilikuwa Alhamisi. Mtoto alikuwa shuleni. Mama mdogo aliingia chumbani kwake kutandika. Kwenye mto wa mtoto, katika lile shimo linaloachwa na kichwa, palikuwa na tone.

Aliligusa kwa kidole. Lilikuwa na joto, kama lililodondoka kwenye injini sasa hivi.