Nyanya Chini ya Taa ya Cherehani

Mwanga ulifika nyumbani kwa Kinyozi ukiwa umechoka. Ulitoka juani, ukagonga ukuta wa jengo la jirani, ndipo ukaingia dirishani. Sebule ilikuwa na dirisha moja tu, na ukuta ule ungeweza kuugusa kwa mpini wa ufagio. Hata saa sita mchana, mtu aliyetaka kutoa mwiba kidoleni aliwasha taa.

Humo waliishi watu watatu. Kinyozi alikuwa na kibanda cha kunyolea chini ya jengo, kando ya barabara. Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na watu wote walimwita Fundi. Alishonea nyumbani, kwenye meza iliyobanwa konani. Wa tatu alikuwa mama yake Kinyozi, ambaye jengo zima lilimwita Bibi.

Bibi alikuwa amelima maisha yake yote. Kisha magoti yakagoma, akaja kukaa ghorofa ya tatu kwa mwanawe. Alikuja na mfuko wa nguo na fundo dogo la kitambaa. Ndani ya fundo mlikuwa na mbegu za nyanya.

Marehemu mumewe alizichagua mbegu zile kwa miaka mingi. Kila mavuno alitafuta nyanya tamu kuliko zote, akaweka mbegu zake. Kwa sura hazikuwa kitu. Zilikuwa na mikunjo mabegani, na wachuuzi walizipita. Lakini Bibi alipousimulia utamu wake, alifumba macho. Baada ya mzee kufariki, shamba liliuzwa. Fundo lile ndilo lililobaki.

"Akiba haiozi, mama," Kinyozi alimwambia. "Ziweke tu."

"Mbegu si sufuria, mwanangu. Zinazeeka kama mimi. Nisipozipanda sasa, hazitaota tena."

Nje kulikuwa na jua, mbele ya kibanda cha Kinyozi. Lakini kulikuwa pia na mbuzi wasio na adabu, na mvua za msimu zilizopiga mpaka matope yakaruka ukutani. Miche michanga isingemaliza siku. Kwa hiyo Bibi akapanda ndani, kwenye makopo. Alipanda mbegu zote.

Zikaota. Asubuhi ile Bibi alimwamsha kila mtu. Makopo yakapangwa kwenye rafu ya dirishani, moja likakosa nafasi. Fundi akaliweka mezani kwake, kando ya cherehani.

"Mkwe wangu, usije ukaushona mche wangu," Bibi alisema.

"Nitautia vifungo tu, mama."

Wakacheka wote. Wiki iliyofuata hakuna aliyecheka. Miche ya dirishani ilikuwa imerefuka, myembamba kama uzi, rangi imepauka. Mingine ililala chini, ikashindwa kuinuka. Bibi akaongeza maji. Ikazidi kulala. Akaongeza samadi. Wapi.

"Ina baridi," alisema Kinyozi. "Niachieni mimi."

Zamani Kinyozi aliwahi kufuga kuku, na chini ya kitanda alikuwa bado na taa ya kulelea vifaranga, ile nyekundu yenye joto kali. Aliipenda sana taa ile. Vifaranga wake wote walikuwa wamepona kwa sababu yake. Sasa, kilicholea vifaranga kitashindwaje kulea nyanya? Akaitundika juu kidogo ya makopo, akaiacha iwake mpaka asubuhi.

Kulipokucha, majani yalikuwa yamejikunja na kukauka kama majani ya chai. Mwishoni mwa rafu palibaki miche miwili hai, nayo taabani.

Bibi hakumkaripia mwanawe. Angemkaripia, ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye kiti chake, mikono magotini, akiangalia makopo.

"Nimeiua, mama," Kinyozi alisema.

"Ulitaka kuisaidia," Bibi akajibu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hiyo hiyo alipanda ngazi jirani mmoja wa ghorofa ya chini, ameshika koti la kazi lililofumuka mfukoni. Alifanya kazi kwenye nyumba za kuoteshea maua nje ya mji, kwa hiyo watu walimwita Shangazi Waridi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetukuta msibani."

Shangazi Waridi aliyatazama makopo, kisha taa nyekundu. Akavuta kiti.

"Mama, miche yako haikuwa na baridi. Ilikuwa na njaa."

"Njaa? Samadi nimeweka, maji nimeweka."

"Samadi ni kama chumvi kwenye chakula. Chakula chenyewe mmea unajipikia. Jani ndilo jiko lake. Maji yanatoka mizizini, hewa inaingia kwenye jani, na mwanga ndio moto. Moto ukiwa hafifu, hakuna kinachoiva."

"Lakini mbona ilikuwa inarefuka?" Fundi aliuliza.

"Huko si kukua, ni kutafuta. Mche gizani hutumia akiba yake yote kuutafuta mwanga. Ndiyo maana shina linakuwa uzi."

Kinyozi alikohoa. "Na taa yangu? Si mwanga ule?"

"Taa ya vifaranga imeundwa kutoa joto, kaka. Ni kama umemkalisha mwenye njaa karibu na moto, ukamnyima sahani. Atachomeka tu."

Kinyozi akainamisha kichwa. Shangazi Waridi akainuka kumpelekea Fundi koti lake. Alipofika kwenye meza ya cherehani, akasimama. Lile kopo lililokosa nafasi lilikuwa pale, katikati ya vipande vya nguo. Mche wake ulikuwa mfupi, shina nene, majani ya kijani kilichokolea.

"Huu nani ameulea?"

"Hakuna," alisema Fundi. "Hata kuutia maji nasahau."

Shangazi Waridi akaiwasha taa ndogo ya cherehani. Ilikuwa ya LED, nyeupe, iliyofungwa kwenye shingo ya mashine. Akapima kwa mkono kutoka taa mpaka jani: shubiri moja.

"Unashona kuanzia saa ngapi?"

"Alfajiri. Mpaka baada ya chakula cha usiku. Halafu nazima, nalala."

"Basi dawa mnayoitafuta mmekuwa mkiitumia kushonea nguo," alisema Shangazi Waridi.

Wote wanne wakauinamia mche ule. Bibi aliusogelea mpaka pua ikagusa jani. Ndipo wakaona kwamba ulikuwa umeegemea upande wa taa. Shangazi Waridi akaligeuza kopo, mche ukaangalia ukutani.

"Kesho uangalieni tena."

Kesho yake Bibi aliita kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Kinyozi alipanda ngazi mbio, amemwacha mteja na povu kidevuni. Mche ulikuwa umeanza kugeuka. Hakuna aliyeugusa. Shina lilikuwa limejipinda polepole, na ncha yake ilikuwa inairudia taa.

"Hauna macho," Bibi alisema kwa mnong'ono. "Lakini umeona."

Maisha yake yote alikuwa amelima, na hakuwahi kuusimamia mmea mmoja kiasi hicho. Shambani jua lilikuwa kila mahali, hakuna aliyehitaji kulifikiria. Sasa alikaa karibu na kopo lile asubuhi nzima, na chai yake ikapoa.

Siku yake ya mapumziko, Shangazi Waridi aliwachukua wote watatu kwenda kazini kwake. Ilikuwa alasiri, mawingu yametanda. Nyumba ile ilikuwa ndefu, kuta na paa vya plastiki angavu, na ndani maua yalisimama safu kwa safu. Walipokuwa katikati, taa zikajiwasha, safu moja baada ya nyingine, mpaka mwisho ambao macho hayakuufikia. Maelfu ya majani yalionekana kwa mara moja, kila moja limelaza uso wake juu, linapokea.

Fundi alimshika mumewe mkono. Bibi akasema, "Hamjambo," kwa yale maua, na hakuna aliyemcheka.

"Huku jua ndilo mwenye nyumba," Shangazi Waridi alieleza. "Taa zinamsaidia tu mawingu yakizidi. Zimefunikwa vizuri zisiingiwe na unyevu, na ni nyembamba zisiyazibie maua jua lenyewe. Nyumbani kwenu taa ndiyo itakayokuwa jua. Kwa hiyo mchague vizuri."

Upande mmoja taa zilikuwa za zambarau. Kinyozi alivutiwa.

"Hizi ndizo. Zinaonekana za kitaalamu."

"Zinafanya kazi, kaka. Zina nyekundu na bluu, rangi ambazo majani huzitumia sana. Lakini angalia majani."

Kinyozi akaangalia. Majani yote yalikuwa meusi.

"Ugonjwa ukiingia, chini ya taa hii hutauona mapema. Mwanga mweupe una rangi zote ndani yake. Kwa nyumbani unatosha. Chukua taa ya LED, maana haili umeme mwingi na haina joto kali. Kwenye boksi tafuta namba yenye herufi K. Ikiwa kati ya elfu nne na elfu sita na mia tano, huo ni mweupe unaofanana na mchana. Na usidanganywe na wati. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga unaotoka huandikwa kwa lumeni."

"Niitundike darini?"

"Darini itawaangazia nyinyi. Mwanga hupungua upesi ukienda mbali. Iweke shubiri moja juu ya majani, uiinue kadiri miche inavyokua. Weka mkono wako usawa wa majani. Ukiona joto linakusumbua, jani nalo linasumbuka."

Bibi akauliza, "Nikiiwasha usiku na mchana, si itakua upesi zaidi?"

"Hapana, mama. Nyanya hasa, ukiinyima giza majani yanageuka manjano. Ipe saa kumi na nne mpaka kumi na sita za mwanga. Halafu iache ipumzike."

"Kumbe nayo inalala," alisema Bibi, na njia nzima ya kurudi alilirudia neno hilo.

Kinyozi alinunua taa ndefu ya LED inayotosha rafu nzima. Safari hii alisoma boksi mara mbili. Aliitundika kwa minyororo miwili, ili aweze kuipandisha. Nyuma na pembeni Fundi alisimamisha kadibodi iliyopakwa chokaa, mwanga usipotee bure. Waya ulipita juu, mbali na maji, na Bibi alimwagilia tu pale udongo ulipokauka.

Kila usiku Bibi ndiye aliyezima. "Laleni," aliiambia miche. Kinyozi alimtania kwa hilo. Jioni moja Bibi aliwahi kulala. Fundi, nyuma ya cherehani yake, alimsikia mumewe akienda kwenye rafu. "Haya, laleni," alisema Kinyozi, akazima.

Miche mitatu ilisimama. Ule wa cherehani, na ile miwili iliyonusurika, ambayo Bibi aliipanda upya na kuifukia shina mpaka karibu na majani. Mvua zilipopita, wakaihamishia kwenye ndoo mbele ya kibanda, ndani ya uzio wa waya. Hawakuitoa ghafla. Shangazi Waridi aliwaonya kwamba jani lililozoea taa huunguzwa na jua kali. Siku za mwanzo waliiweka kivulini, kisha jua la asubuhi kidogo, kisha zaidi, mpaka ikazoea. Mbuzi walikuja, wakatazama, wakaondoka.

Ikatoa maua. Ikatoa nyanya ndogo za kijani, na mabegani mwa zile nyanya mikunjo ikaanza kuonekana. Bibi aliitambua mikunjo ile kabla ya mtu mwingine yeyote.

Siku ya kuchuma, Kinyozi alikuwa amechuchumaa mbele ya ndoo.

"Shangazi, nisaidie hili. Mmea umenifika kifuani. Lakini udongo kwenye ndoo uko vile vile. Sasa mwili wote huu umetoka wapi?"

"Kidogo sana ni udongo. Mwili uliobaki ni maji na hewa, vimeunganishwa kwa nguvu ya mwanga."

Kinyozi akaugusa mmea. Aliitazama nyanya, akaangalia juu kwenye jua, akairudia nyanya.

Bibi aliikata nyanya ya kwanza vipande vinne. Alisubiri kila mtu ashike chake. Kisha akaonja, akafumba macho. Walimngoja. Magari yalipita, mtu akapiga honi, na bado Bibi alikuwa amefumba macho.

"Ni yenyewe," alisema.

Alilia kidogo, bila kujificha, halafu akajipangusa na kuendelea na kazi. Kwenye sahani alikuwa ameziweka mbegu. Zilipooshwa na kukauka vizuri kivulini, aliomba vipande vya kitambaa kutoka mezani kwa Fundi, akafunga mafundo kadhaa.

"Fundo moja lilikuwa kosa," alisema. "Kitu cha thamani hakikai mahali pamoja."

Moja alimpa Shangazi Waridi. Moja alimpa Fundi, ambaye aliliweka kwenye droo ya cherehani. Kisha akamnyooshea mwanawe.

"Hili lako."

"Mama, si mimi niliyeziunguza?"

"Ndiyo maana," alisema Bibi. "Wewe hutasahau tena."

Kinyozi akalipokea kwa mikono miwili.