Sale Halikataliwi

"Nani kang'oa masale yangu?"

Agnela alikuwa darasani anabandika herufi ukutani aliposikia sauti hiyo. Akatoka mbio, gundi bado mkononi. Mzee Mikaeli, jirani yao, alikuwa amesimama nyuma ya darasa, pale ambapo hadi juzi palikuwa na mstari wa masale, yale majani marefu ambayo kwa Wameru ndiyo mpaka wa shamba na shamba. Sasa palikuwa na udongo mbichi tu, na bembea mbili mpya zimechimbiwa karibu na migomba ya mzee.

"Shikamoo baba."

"Usiniamkie. Nijibu."

"Baba, sijui. Jana nilishinda mjini nafuata vitabu. Nimerudi giza limeshaingia, huku nyuma hata sijafika."

"Mafundi ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Basi aliyeng'oa ni wewe."

Nyuma ya mzee alisimama Sumari, mwanawe, seremala aliyechonga vile viti vidogo thelathini vilivyojaa darasani. Ndiye pia mchumba wa Agnela. Posa ilishapokelewa, na Jumapili hii mchungaji alikuwa aanze kuwatangaza kanisani. Agnela akamtazama kwa macho ya kusema, wewe ndiye unanijua, sema neno. Sumari akainama kukagua viatu vyake, utadhani kavinunua asubuhi hiyo.

"Haya masale nilipanda na marehemu baba yako," mzee akasema. "Mimi na Daniel, kwa mikono yetu, wewe ukiwa bado unanyonya. Hatujawahi kugombania hata shubiri ya udongo. Leo kalala pale, binti yake anasogeza mpaka!"

Pale alipoonyesha ni kaburini, hatua ishirini tu kutoka kwenye bembea.

"Sijasogeza baba, naapa..."

"Naenda kwa mwenyekiti sasa hivi. Hiyo barua yako haipati muhuri. Na mambo ya kutangazwa kanisani, sahau. Sumari, twende!"

Na Sumari akaenda.

Agnela alibaki kasimama mpaka gundi ikamkaukia vidoleni. Siku ile ilikuwa Jumanne. Alhamisi saa nne, mdhibiti ubora wa shule angefika kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alipima uwanja kwa futi, akatikisa kichwa. Uwanja mdogo, alisema, panua, na uniwekee barua ya serikali ya kijiji kwamba eneo halina mgogoro. Agnela akapanga kubomoa banda la kuku la mama yake ili uwanja uongezeke. Bila uwanja na bila barua hiyo, hapakuwa na chekechea. Na kule Levolosi alikofundisha miaka sita alishaacha kazi. Ukutani alishapigilia misumari kumi na minane ya kutundikia mabegi, kila mmoja na picha yake: parachichi, ng'ombe, ndizi, jembe, kwa sababu mtoto wa miaka minne hasomi jina lake lakini parachichi lake analijua.

Akaandika meseji.

"Sumari, ongea na baba. Unajua siwezi kufanya kitu kama kile."

Tiki mbili za bluu. Alikunywa chai ikamshinda. Alifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Baada ya saa nzima simu ikatetemeka.

"Mzee kachafukwa. We muombe tu msamaha yaishe mpz."

"Kwa kosa gani?"

"Heshima tu. Ukikubali ni wewe, hasira zitashuka. Pls."

Agnela aliisoma mara tatu. Kabla hajajibu, simu ikaita. Mwenyekiti wa kijiji.

"Mwalimu, mzee Mikaeli katoka hapa sasa hivi. Barua yako ipo tayari, imebaki muhuri. Lakini siwezi kugonga muhuri juu ya malalamiko. Malizaneni."

"Mwenyekiti, mgeni anakuja keshokutwa!"

"Basi malizaneni kesho."

Hajakaa vizuri, mama mmoja anayeuza nyanya soko la Tengeru naye akapiga. "Mwalimu, eti shule ina kesi ya shamba? Mapacha wangu nimeshawashonea sare mwenzio!"

"Hakuna kesi, mama mapacha," Agnela akasema, na sauti yake mwenyewe ikamtia wasiwasi.

Mama yake, Tabitha, hakuuliza mengi. Jioni alikwenda nyuma ya jiko, akakata kijiti cha sale chenye majani juu, akakiweka kwenye bakuli la maji.

"Kesho asubuhi utampelekea Mikaeli. Ukifika na sale mkononi hawezi kukufukuza. Sale halikataliwi."

"Mama, mimi sijakosa."

"Mtoto wako akivunja chungu cha jirani, nani huenda kuomba radhi?"

"Fundi Nasri si mtoto wangu!"

"Ukishafungua shule, kila mtu mwenye mkono mbovu pale ni mtoto wako. Zoea."

Asubuhi ya Jumatano Agnela alikuwa tayari ameshavaa kitenge, sale mkononi, Nasri alipoingia na kopo la rangi kumalizia twiga wa ukutani. Nasri ni mwenyeji wa Kondoa, makazi yake Levolosi, fundi mzuri mwenye maneno mengi. Hasira zote za jana zikamwangukia yeye.

"Nasri! Nani alikutuma ung'oe majani ya huku nyuma?"

"Yapi? Yale maua?"

"Si maua! Ni mpaka wa watu! Mimi nilikwambia ubomoe banda la kuku!"

"Dada mwalimu, taratibu. Banda la kuku si mlisema liachwe?"

"Nani alisema?"

"Shemeji." Nasri akatoa simu, akaifuta kwa shati. "Huyu hapa. Jumatatu, saa tatu asubuhi. Wallahi mimi sijitumi."

Agnela akasoma.

"Nasri, banda la mama liache. Ng'oa hayo majani ya nyuma yote usogee hadi mgomba wa kwanza, bembea chimbia hapo. Mzee yuko Ngaramtoni kwa dada, anarudi Ijumaa. Mwl akirudi akute uwanja mkubwa. Usimwambie, sapraizi."

Akakaa kwenye kiti kimojawapo cha watoto, magoti yakamfika kidevuni. Kwa hiyo Sumari alitaka kumfurahisha. Hilo alilielewa, na kwa nusu dakika hata lilimpa joto moyoni. Mzee akawahi kurudi, mambo yakaharibika, hilo nalo lilikuwa la kibinadamu. Lakini jana mtu yule alisimama pale pale, akasikia anaitwa mwizi wa ardhi mbele ya kaburi la baba yake, akatazama viatu. Halafu akamwandikia, ukikubali ni wewe. Hilo lilimchoma kuliko barua, kuliko muhuri, kuliko shule yenyewe.

"Dada, nimekosea?"

"Wewe hujakosea. Nirushie hiyo meseji."

Uani kwa Mzee Mikaeli aliwakuta wanakunywa chai: mzee mwenyewe, mwenyekiti, na wazee wawili wa ukoo. Sumari alikuwa amesimama mlangoni pa stoo. Alipoona sale mkononi mwa Agnela, akashusha pumzi.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba," wakaitikia, Mikaeli wa mwisho.

"Umefanya vizuri kuja, binti Daniel," mwenyekiti akasema. "Mpe mzee, tumalize, nikagonge muhuri."

Mzee Mikaeli akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono. Hatua tatu tu, na kila kitu kingekwisha. Muhuri, uwanja, misumari kumi na minane. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa sweta, na meseji ndani yake.

Akageukia stoo.

"Sumari, naomba nikuulize mbele ya wazee. Hili sale nilishike mimi?"

Sumari akababaika. "Agnela, si tuliongea..."

"Tuliandikiana. Sasa nakuuliza kwa mdomo. Ukisema nilishike, nitampa baba sasa hivi na hutasikia neno lingine. Lakini litakuwa jambo la mwisho nitakalokubebea."

"Kuna nini hapa?" mzee akauliza.

Kuku alipita katikati yao, akadonoa, akaenda zake. Agnela alikuwa anamwomba Mungu kimoyomoyo: Sumari asiniache hadi niitoe hii simu, asinifanye mimi ndiye nimseme. Sumari alimtazama baba yake, akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne hakutazama viatu.

Akaja, akalichukua sale kwa mikono yake. Akapiga magoti.

"Baba, ni mimi. Nilimwagiza fundi ayang'oe. Mwalimu hakujua lolote."

"Wewe?"

"Uwanja ulikuwa haumtoshi. Nikaona ule upande uliosema utanigawia..."

"Nimeshakugawia?"

"Bado, baba."

"Na jana? Ukaniacha nimtukane, wewe umesimama?"

"Niliogopa."

"Umeniogopa mimi, ukamuumiza yeye! Akili gani hiyo? Mwanamume una miaka thelathini na minne, bado unanikimbia kama umevunja sahani!"

Sumari alibaki na sale mbele. Mzee akapumua kwa nguvu, muda mrefu. Hatimaye akalipokea.

"Sale halikataliwi. Nimelipokea. Ila ungeniomba, ningekupa. Hilo ndilo linaniuma."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Akachambua jani moja kutoka kwenye kijiti kile, akainuka kwa kushikilia meza, akamfuata Agnela.

"Na hili ni langu. Jana nimekutukana, na baba yako akisikia."

Agnela akalipokea kwa mikono miwili, machozi yakamshinda.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, umande bado umelowesha majani, Mzee Mikaeli alipanda masale mapya kwa mkono wake, mwenyekiti akishuhudia. Hakuyapanda penye mpaka wa zamani. Aliyapanda pale kwenye mgomba wa kwanza. "Huu ni mchango wangu kwa wajukuu, wawe wangu wasiwe wangu," akasema, na kwa neno hilo Sumari, aliyekuwa anachimba mashimo, akasimamisha jembe.

Saa nne mdhibiti akafika. Akavuta futi, akaandika. Akavuta tena upande wa pili, akaandika. Agnela alijikuta ameshikilia pumzi kama anayepita penye nyuki. Mama huyo mdhibiti akakagua vyoo vidogo, akakaa kwenye kiti kidogo, akamtazama twiga wa Nasri, ambaye shingo yake ilikuwa nene kidogo.

"Barua ya kijiji?"

"Hii hapa."

Akaugusa muhuri kwa kidole, wino haujakauka vizuri. Akatabasamu.

"Nitaandika kuwa panafaa, mwalimu."

Gari lake lilipoondoka tu, Sumari akatokea kwenye migomba, kijiti cha sale mkononi.

"Agnela. Hili ni lako. Nimekukosea."

Agnela akalipokea. Uso wa Sumari ukachanua.

"Umenisamehe?"

"Nimelipokea. Sale halikataliwi."

"Kwa hiyo Jumapili mchungaji atutangaze?"

"Msamaha ni kitu kimoja, ndoa ni kingine. Sale linaniambia nikusamehe, haliniambii niolewe na wewe. Sumari, kuogopa kila mtu anaogopa. Mimi usiku wa jana sikulala kwa woga. Ninachokiogopa ni kuishi na mtu ambaye akiogopa, ananisukuma mimi mbele."

"Nifanye nini sasa?"

Akamrudishia kijiti. "Pale mwisho wa mstari pana pengo. Kapande. Likishika mizizi, nitakujibu."

"Na likikauka?"

"Basi limwagilie."

Jumatatu watoto kumi na minane waliingia, kumi wakilia, wanane wakiwashangaa wanaolia. Na kila asubuhi, kabla ya kwenda karakana, Sumari alipita mpakani na kopo la maji.

"Mwalimu, yule baba anafanya nini?" pacha mmoja akauliza.

"Kazi yake ya nyumbani," Agnela akajibu.

Wiki ya tano kamba ya bembea ilikatika. Mtoto akaanguka, kiwiko kikachubuka, na mama yake akamkuta analia getini. Alikuja juu kama moto wa mabua.

"Mwalimu gani wewe? Watoto wetu umewaletea mitego?"

Agnela alifungua mdomo, lakini hakuwahi. Sumari alikuwa ameshadondosha kopo mpakani, ameshafika.

"Mama, samahani. Bembea nimetengeneza mimi. Kamba nilifunga mimi, na mwalimu aliniambia juzi niikague sikuikagua. Kosa ni langu. Niambie mimi."

Mama yule alimwambia kweli kweli, kwa muda mrefu, na Sumari akasimama akayapokea yote bila kuinama.

Jioni, watoto wameshachukuliwa, Agnela alikwenda mpakani peke yake. Akachutama kwenye pengo la mwisho wa mstari, akakivuta kijiti kidogo. Hakikutoka. Juu yake, katikati ya majani ya zamani, jani jipya lilikuwa limechomoza, jembamba, bado limejikunja.

Akatoa simu. Akaandika meseji.

"Sumari, njoo uone mpakani. Ukitoka hapo, pitia kwa mchungaji."