Sabufa Iliyoning'oa Meno

Naapa mbele yenu nyote mnaosoma, kila neno hapa ni kweli tupu. Asiyeamini aje Lahore nimwonyeshe pengo.

PAAAA!

Mlango uling'oka na bawaba zake! Nilikuwa nimepiga magoti, viganja sakafuni, gongo la kriketi likanitua mgongoni...

"Sharafat! Mwizi mkubwa! Njiwa wangu yuko wapi?!"

Walikuwa watu saba wenye magongo. (Mke wangu Naseem anachungulia hapa, anasema alikuwa mmoja. Haya, mmoja, lakini mpana kama saba.) Jirani yangu, Ustadh Tufail.

"Njiwa gani, ndugu yangu Tufail Bhai? Mimi najaribu sabufa!"

Sabufa mpya haiwekwi popote tu. Unaikalisha kwenye kochi lako, unaiwasha, halafu unatambaa kando ya ukuta kama mtoto. Pale besi inapokutikisa tumbo, ndipo makazi yake.

Mimi niliyapata... kwenye ukuta tunaochangia na Tufail, ule wenye banda lake la njiwa juu yake. Bahati tu!

Nikaweka filamu ya vita. Bomu la kwanza, njiwa arobaini wakafyatuka angani!

Huku kwetu, njiwa wa mwenzio akitua mwenyewe paani kwako ukamshika, ni wako. Na Ijumaa ilikuwa siku ya mashindano ya kurusha njiwa. Tufail kashinda miaka tisa mfululizo kwa jike mmoja mweupe, ana njuga ya fedha mguuni. Miaka tisa mimi nashika mkia...

Basi nilipomsikia Tufail anapanda ngazi, nikarudi kutambaa.

"Njuga yake nimeisikia paani kwako!"

"Zibua masikio, mzee!"

Gongo likaja tena. Meno mawili yakarukia kwenye birika la chai! Nikanyakua stendi ya spika, nikampasua paji la uso. Damu! Akanikaba. Nikamng'ata sikio. Tukabiringika hadi kabati la vyombo likatuangukia.

"Uaneni!" Naseem akapiga kelele. "Lakini sahani zangu zimewakosea nini?"

"Apa hujamshika!" Tufail akafoka, vidole shingoni mwangu. "Apa nikuachie!"

"Na... naapa! Sijaona hata unyoya!"

Akalegeza. Nimepona!

Nikajikongoja kuinuka... kiwiko kikabonyeza rimoti.

BUUUUUMMM!

Boksi tupu la sabufa pale pembeni likaanza kurukaruka. Kifuniko kikafunguka... jike mweupe akachomoka, njuga inalia, akatua begani kwa Tufail!

"Haya," Naseem akasema, "apa tena tukusikie."

Wafuga njiwa wa mtaa walikaa kikao siku hiyohiyo, wakatoa hukumu. Aliyemtimua njiwa kwa kelele hakumshika, kamwiba. Na kilichomtimua njiwa kinakwenda kwa mwenye njiwa.

Tufail akabeba sabufa, na ile filamu juu yake.

"Sharafat Bhai," akaniambia, bandeji kichwani, anacheka, "hii inawekwaje? Njoo unionyeshe."

Nikatambaa. Safari hii chumbani kwake, makalio juu, mbele ya wafuga njiwa wote...

"Hapo hapo!" akasema nilipofika kwenye ukuta wetu.

Ijumaa kashinda mwaka wa kumi.

Ndugu zangu, sabufa nunueni, lakini husuda iacheni dukani. Naandika haya Tufail kafika kwenye yale mabomu. Meno yangu ya bandia yanacheza yenyewe ndani ya glasi...