Kigae cha Mwisho

Aliyepatwa na haya ni mke wa binamu yangu, mhazili wa idara ambayo kazi yake, kwa kadiri nilivyoelewa, ni kuhakikisha idara nyingine zinasubiri. Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine. Mkuu wa idara alisimama mlangoni na kikombe chake, akaagiza mchezo wa siku ya maadhimisho: picha ya wafanyakazi ifichwe chini ya vigae vya rangi kwenye slaidi, na kila swali likijibiwa, kigae kimoja kiondoke.

"Halafu yule wa pembeni umkate pichani," akasema. "Sherehe si matanga, dada."

Yule wa pembeni alikuwa dada wa mhazili, wa tumbo moja, mtunza masjala. Mwaka uliopita rafu ya chuma ilimwangukia. Alikuwa amemwambia mkuu kwamba imelegea, kwa mdomo, tena mhazili, mdogo wake, akisikia. Kamati ikaundwa, ikanywa chai, ikaona hakuna maandishi, ikaamua: uzembe wa marehemu. Mpaka leo mama yao hulitamka neno hilo kama anayetafuna kokoto.

Mhazili akakata. Alibonyeza kipanya mpaka kidole kikamuuma. Hasira ya mwenye shida ya kazi ni moshi wa jikoni kwake: anayekohoa ni yeye mwenyewe. Akapanga vigae, kila kimoja na swali lake, akaujaribu mchezo. Ulikaa sawa. Uwanja, ngazi, nyuso, mkuu katikati.

Ukumbini ilikuwa mchana kweupe. Rimoti aliishika mkuu mwenyewe. Swali la kwanza: idara ilianzishwa mwaka gani? Mhasibu akajibu. Kigae kikaondoka.

Chini yake hapakuwa na uwanja. Palikuwa na chuma.

"Mhazili, umetuletea picha ya stoo?" dereva akauliza, watu wakacheka.

Kigae kingine. Mafaili yametapakaa sakafuni.

Kingine. Kiatu cha kike, kimelala ubavu. Mhazili alikijua. Alikinunua yeye.

Vicheko vikakatika.

"Zima," mkuu akanong'ona.

Fundi akachomoa waya. Projekta ikazimika, feni yake ikanyamaza. Picha ikabaki ukutani.

Vigae vikaendelea kuondoka, rimoti ikiwa mezani. Kikabaki kimoja, cha katikati. Swali lake mhazili hakuwa ameliandika.

*Nani aliambiwa?*

"Hakuna aliyeambiwa," mkuu akasema.

Kengele ya jibu baya ikalia. Juu ya dari, chuma kikalalamika.

"Hakuna maandishi."

Kengele. Chuma tena. Karibu zaidi.

Mhazili akasimama. Hasira ilikuwa imemjaa hadi hofu ikakosa pa kukaa. "Jibu, mkuu," akasema taratibu. "Swali lenyewe rahisi."

Vumbi likamdondokea mkuu begani.

"Mimi," akasema. "Aliniambia mimi."

Kigae kikaondoka. Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu.

Kamati ya pili, safari hii bila chai, ikalifuta lile neno. Siku hiyo mhazili akaifungua tena ile slaidi. Uwanja ulikuwepo, ngazi zilikuwepo. Pembeni alisimama dada yake, mzima, vumbi mabegani. Lakini katikati, aliposimama mkuu, palikuwa na pengo la ukubwa wa mtu.

Na wengine wote pichani, waliopigwa picha wakitazama mbele, walikuwa wamegeuza shingo wakilitazama.