Usingizi Alioulala Kemuma

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mashamba ya chai mama aliponipa bakuli la ugali wa wimbi na mboga za chinsaga nimpelekee baba. Lori lake lilikuwa limefika kwenye foleni ya kiwanda hapa Itumbe, likingoja kupakia chai ya kwenda Mombasa.

"Mwambie apitie nyumbani amwone mtoto," mama alisema. "Hata kama ni dakika tano."

Mtoto ni Kemuma, mdogo wangu, ana miaka saba. Nilimwacha kwenye kitanda tunacholalia pamoja, mdomo wazi kidogo, amelala kama alivyolala jana, na juzi, na karibu mwaka mzima.

Hospitali walimpima damu, wakampima kichwa, hawakuona kitu. Alikuwa akiamka mara moja kwa siku, anakunywa uji macho yakiwa nusu wazi, analala tena. Watu wa kanisa letu walikuja kila Sabato kumwombea. Majirani walinong'ona kwamba amerogwa, na wakaanza kumtazama vibaya nyanya mmoja mjane anayeishi peke yake karibu na mto. Mama huenda kuchuma chai alfajiri, kwa hiyo ilibidi mtu abaki na Kemuma. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni upande wa Sironga. Wazazi wangu walisema nitarudi muhula ujao. Muhula huo ulikuja ukapita.

Kuna jambo sikuwa nimemwambia mtu. Wiki iliyotangulia nilimpigia baba simu nikiwa nimeketi kando ya Kemuma. Baba alikuwa akiteremka mlima wa Mai Mahiu, nami nikisikia injini ikinguruma. Mara mguu wa Kemuma ukanyooka ndani ya blanketi. Ukakanyaga.

Kwenye simu, breki zikalia... psssssh.

Mguu ukalegea. Injini ikanguruma. Mguu ukakanyaga tena.

Psssssh.

Na blanketi lilinuka breki zilizoungua.

Basi nikafika kwenye foleni. Madereva walikuwa wamelala kila mahali, wengine kwenye viti, wengine chini ya trela. Onchiri, rafiki yake baba, alitoa kichwa dirishani.

"Binti ya Ombui! Changu kiko wapi?"

"Muulize mke wako."

Akacheka. "Haya, mpelekee huyo mashine. Dereva anatakiwa asimame, ale, alale, ndipo aendelee. Baba yako anaosha vioo! Tangu Mombasa sijamwona akifumba jicho. Na hatafuni hata miraa." Akashusha sauti. "Muulize anakunywa nini. Na mimi nataka."

Nilipanda kwenye kabini. Baba alikuwa ameshika usukani ingawa injini ilikuwa imezimwa. Macho yake yalikuwa meupe, safi, kama ya mtu aliyelala akashiba.

"Tata," nilimwita, kama tunavyowaita baba zetu sisi Wakisii. "Mama anasema upitie nyumbani."

"Napakia sasa hivi."

"Basi lala hata kidogo."

"Sina usingizi."

Hapo nikasikia pumzi.

Si yake. Si yangu. Ilitoka nyuma ya viti, kwenye kitanda chake cha safari, ambako pazia lilikuwa limevutwa. Inaingia... inatoka... na mkoromo mwembamba ambao ninaujua.

"Vale," baba alinong'ona. "Usifungue."

Nilifungua.

Kemuma alikuwa amelala hapo. Gauni la maua nililomvalisha kwa mikono yangu. Mdomo wazi kidogo. Nilimgusa shavu, lilikuwa na joto. Nikapiga simu nyumbani.

"Mama, Kemuma yuko wapi?"

"Si amelala hapa mbele yangu? Kwani kuna nini?"

Nilikata.

Baba hakugeuka. Alinieleza akitazama kioo cha mbele, sauti chini kabisa. Zamani alikuwa akipumzika kama dereva anavyotakiwa kupumzika, kwa hiyo alikuwa akifika nyuma ya wengine. Tajiri wake akamwambia waziwazi kwamba kuna vijana wengi wanaolitaka lile lori. Safari iliyofuata, akiwa kwenye foleni ya mizani kule Mariakani, anapigana na kope zake, mtu akagonga mlango. Alikuwa amevaa kama dereva, lakini hakuwa na lori. Alinuka breki zilizoungua.

"Akaniuliza, nikuondolee huo usingizi? Nikasema ondoa. Akasema hauwezi kwenda hivi hivi, lazima kuwe na mtu wa kuulala. Nyumbani kwako ni nani anapenda kulala? Nilidhani ni utani wa barabarani, Vale. Nikasema... Kemuma. Huyo hulala kama gunia la viazi. Tukacheka wote wawili."

"Mwambie aurudishe."

"Unafikiri sijamtafuta? Namwona. Ananipungia mkono tu." Akatazama kioo cha pembeni. "Alisema nikiutaka mwenyewe, nifumbe macho. Lakini utakuja wote kwa pamoja, wa mwaka mzima. Huko si kulala. Huko ni kufa."

"Na Kemuma? Nguo za mwaka jana bado zinamtosha, Tata. Ameacha kukua."

Mbele yetu lori la kwanza liliwasha injini. Foleni ikasogea.

"Jina haliwezi kubadilishwa?" nikauliza.

Aligeuka kwa mara ya kwanza akanitazama, na nikaelewa kwamba linaweza. Nikaelewa pia kwamba alikuwa ameshalifikiria hilo.

"Basi taja langu."

Nilisema hivyo nikingoja akatae. Nataka mjue hilo. Nilingoja aseme hapana, hata wewe ni mtoto wangu, lori wachukue, twende nyumbani. Nilingoja. Lori la nyuma likapiga honi.

"Ni kwa safari chache tu," baba alisema.

Akainama kwenye pazia, akanong'ona jina langu.

Pumzi ikakatika. Kitandani pakabaki shimo dogo kwenye mto, mahali kichwa kilipokuwa.

"Asante kwa chakula," akasema, akawasha injini.

Nilikimbia hadi nyumbani. Nyimbo za kanisa nilizisikia kabla sijafika kwenye lango. Kemuma alikuwa ameketi katikati ya watu wa kanisa waliokuja jioni hiyo kumwombea, akila ndizi, akiuliza kwa nini watu wazima wanalia. Mama alinikumbatia mpaka nikakosa hewa.

"Mungu amejibu, Vale! Sasa utarudi shule!"

Nilitaka kumjibu. Mdomo ulipofunguka ukatoka mwayo, mrefu, usioisha.

Sikurudi shule. Haya nayaandika katika ule muda mfupi ninaoamka, mistari michache kila siku. Majirani wanasema yule nyanya wa mtoni sasa ameanza kuniroga mimi, na vijana wameanza kuzungumza juu ya kuichoma nyumba yake. Nawaambia si yeye. Lakini siamki kwa muda wa kutosha kuwaeleza, na ni nani atanisikiliza nikisema ni nani?

Nikilala huwa niko nyuma ya pazia. Godoro linatetemeka. Mguu wangu unakanyaga wenyewe.

Juzi lori lilisimama kwenye mizani, nikasogeza pazia kidogo. Malori yalikuwa yamepangana mpaka macho yanapoishia. Ndani ya kabini nyingi, nyuma ya madereva wenye macho meupe, mapazia yalikuwa yakivimba na kunywea... yakivimba na kunywea... Moja likafunguka. Msichana mwenye sare ya shule, mdogo kuliko mimi, alinitazama. Hakushangaa hata kidogo. Akalifunga.

Katikati ya malori mtu alikuwa akitembea bila haraka, akigonga milango.

Halafu nikasikia simu ya baba. Alikuwa akiongea na mama.

"Kemuma anaendeleaje?"

"Anarukaruka tu! Leo amevunja kikombe, na sikumgombeza."

"Na Vale?"

"Amelala. Sasa ni yeye, kama alivyokuwa Kemuma, na sijui ni nini."

Mkono wa baba ukaja nyuma, ukapapasa, ukalivuta pazia vizuri ili taa za barabarani zisinipige machoni.

"Mwache apumzike," akamwambia mama. "Amechoka."